Gari Lisilo na Nguzo ya Kati

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Kiswahili nilikisoma shuleni hadi darasa la tano tu, kisha tukahamia Toronto, na hata sasa naandika polepole.

Wiki iliyopita, nje ya ghala ninapofanya kazi, mtaa wa Downsview, niliona stesheni wagoni, gari refu la familia, ya Kimarekani ya zamani. Ni ya aina ile isiyo na nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Ukishusha vioo vyote, ubavu mzima unakuwa wazi kama baraza. Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa.

Jirani yetu wa zamani, mtaa wa Dixon, alikuwa na gari kama hilo, rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa mzee Mgoa, mzaliwa wa Dar es Salaam, na mke wake alikwisha kufariki. Bibi yangu alipika pilau za harusi na misiba, na jirani alizibeba. Mimi nilikaa nyuma nikikumbatia sufuria, miguu ikiungua kwa joto lake, upepo ukipita toka dirisha hadi dirisha na harufu ya bizari.

"Bibie, mfuniko!" alikuwa akipaza sauti kwenye kona. "Pilau ikimwagika, bibi yako atanipika mimi!"

Watoto wa ghorofa letu waliongea Kiingereza mbio, nami nilinyamaza. Ndani ya gari lile tu ndimo nilimocheka.

Alikuwa na amri moja: shusha kioo chote kwanza, ndipo ufunge mlango. Kioo hakikuwa na fremu, kikibaki nusu, mlango ukibamizwa kinapasuka.

Jumapili moja tulipeleka chakula kwenye ukumbi wa kanisa. Jirani alikuwa ndani na masufuria. Nikiwa kando ya gari, kina mama wakatoka.

"Shikamooni," nikanong'ona.

"Alaa! Kumbe bubu wa pilau anasema!" mmoja akacheka. "Hebu rudia, mwanangu, masikio yangu ya uzee!"

Aibu ikanishika. Nikarukia ndani, nikabamiza mlango. Kioo kilikuwa nusu. Kikapasuka chote mapajani mwangu.

Jirani akaja mbio. "Umeumia, bibie?" Nikatikisa kichwa. Akatazama mlango. "Imekuwaje?"

"Baridi hiyo, mzee," mama yule akadakia. "Baridi ya huku haina adabu."

Akanitazama, akingoja. Nikainama kuokota vipande.

Alitafuta kioo majira yote ya kupukutika majani. Cha gari lile hakikupatikana. Akabandika nailoni. Theluji ikaingia, viti vikaoza, na mwanzoni mwa majira ya kuchipua likaja gari la kuvuta vyuma chakavu. Nilitazama kutoka dirishani, ghorofa ya tisa. Jirani aligonga bodi la gari lake mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayeaga ng'ombe wake.

Baada ya hapo nilipanda ngazi ili nisikutane naye kwenye lifti. Alihamia kwa binti yake, mji mwingine. Siku alipobisha kutuaga, nilijifungia bafuni. Bibi naye hayupo tena, na pilau sasa huagizwa kwa simu.

Kama unamfahamu mzee huyo, au ni wewe mwenyewe unayesoma, tafadhali niandikie, hata mstari mmoja. Haikuwa baridi. Ni mimi niliyefunga mlango.