Nilipeleka jeshi lote msibani kwenye gemu, mwanangu akadhani namzingira

Wakuu, marahaba. Najua wengi humu ni wajukuu zangu, hivyo naitikia kabla hamjaamkia, tusipoteze muda.

Ninayoandika nimeyafanya mwenyewe. Mimi ni mama mtu mzima, nakaa Kisondela huku Rungwe, nalima ndizi, chai kidogo na parachichi. Shule niliishia darasa la nne, ila kusoma nasoma. Anayetaka kubisha abishe akimaliza uzi, si katikati.

Masika hii niliteleza kwenye tope nikiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Mkungu ulipona. Mkono wangu wa kulia ukavunjika.

Igogwe hospitali wakanifunga plasta ngumu ya POP, wakasema wiki sita nisishike jembe.

Wiki sita, wakuu. Masika. Magugu yanakua huku unayaangalia.

Naishi na mjukuu wangu Tusekile, tunamwita Tuse. Amemaliza ualimu, anasubiri ajira, kwa sasa anajitolea shule moja ya huku kwetu. Ana laptop, na kwenye laptop ana gemu la kutawala dola.

Kwa msiolijua: unaanza na watu wachache porini, unajenga mji, mji unazaa mji, hadi uipate dunia au dunia ikupate wewe. Halina kurukaruka. Linakwenda kwa zamu. Ukimaliza mambo yako unabonyeza kitufe, wanacheza wenzako, kisha inarudi kwako. Usipobonyeza, dunia nzima inasimama kukusubiri.

Walikuwa wanacheza watatu kwa intaneti. Tuse alikuwa kijani. Baba yake, Gwamaka, mwanangu wa kwanza anayefanya kazi Dodoma, alikuwa bluu. Wa tatu ni Shukuru, yuko ofisi moja na Gwamaka, huyo mwekundu.

Sasa Tuse anashinda shule, na baba yake analalamika kwamba zamu zinalala. Asubuhi moja akaniwekea laptop mezani.

"Bibi, likitokea jina langu hapa, bonyeza hiki kitufe tu. Usiguse kingine."

"Nikibonyeza inakuwaje?"

"Miaka ishirini inapita."

Nikamwambia mimi sipitishi miaka ishirini ya watu bila kujua wamekula nini.

Ndiyo nilivyoanza. Kwa mkono wa kushoto.

Niwape niliyoyaona siku za mwanzo.

Nchi yote imefunikwa kiza, unaona pale tu mtu wako aliposimama. Hilo nililikubali. Huku mwezi wa sita ukungu ukishuka huoni hata banda lako la ng'ombe.

Ila kulikuwa na askari amesimama juu ya mlima miaka mia nne. Hajakaa, hajala, hakuna aliyekwenda kumpokea. Nikamrudisha nyumbani. Tuse alipouliza mlinzi wa mpaka yuko wapi, nikamjibu amepumzika.

Mji wake mkubwa aliujenga bondeni kabisa, mtoni. Nilitafuta kitufe cha kuuhamishia mlimani, hakipo. Yaani mtu akikosea kiwanja amekosea mpaka Yesu arudi.

Na wanajenga mnara wa mawe miaka mia mbili, mnara ambao haukai mtu, wakati nchi nzima haina choo. Nilikagua mji kwa mji. Hakuna.

Kuna mshauri mwenye ndevu anatokea pembeni bila hodi. "Wananchi wako hawana furaha." Nani ana furaha masika? Anasema tena, "Jirani yako ana jeshi kubwa kuliko lako." Huyo kazi yake ni umbea. Tuse akanionyesha namna ya kumzima.

Halafu unaulizwa watu wako wajifunze nini kwanza: kuandika, au kufinyanga vyungu. Nikachagua vyungu. Mtu anaandika nini na hajala?

Lakini kilichoniteka, sitawaficha, ni ndizi. Kule porini kuna vipande vya ardhi vina migomba imejiotea. Hakuna anayeiangalia, wote wanagombania chuma na farasi. Mimi kila palipo na migomba nikapeleka watu, nikajenga mji. Kisondela. Nkunga. Igogwe. Igogwe ya pili, kwa sababu nilisahau kwamba nimeshajenga ya kwanza.

Tuse alirudi jioni akakuta dola yake imekuwa shamba la ndizi.

"Bibi, jeshi liko wapi?"

"Linapalilia."

Akashika kichwa. Ila watu walikuwa wanashiba na kuongezeka, miji saba, akaniachia laptop. Tangu siku hiyo kijani nikawa mimi. Baba yake hakuambiwa. Yeye alijua anacheza na binti yake.

Sasa hapa ndipo palipo na jambo lenyewe.

Hilo gemu lina sehemu ya kutumiana ujumbe. Siku moja saa nne asubuhi, Tuse yuko shule, ujumbe ukatokea kutoka kwa bluu. Nimeusoma mara nyingi hadi nimeushika:

"Tuse, bibi asijue. POP ikitoka nakuja kumchukua. Mwambie anakuja Dodoma kutembea wiki mbili. Shamba nimeshaongea na mtu atahamia pale. Akishazoea huku hatauliza."

Akishazoea hatauliza.

Wakuu, kwenye lile shamba nimeingia nikiwa mwali. Migomba ya nyuma nilipanda na mume wangu, na yeye mwenyewe yumo humohumo, amelala pembeni ya njia ya kwenda kisimani. Ninapopita na ndoo namsalimia.

Sikulia. Nilikaa kidogo nikamwangalia jogoo wangu. Kisha nikafungua lile gemu, nikakusanya jeshi.

Nilikuwa nimedhamiria kumchapa. Nisiwadanganye. Alipokuwa mdogo nilikuwa na fimbo ya mpera, sasa nilikuwa na mikuki, pinde na tembo wawili. Nilitoa kila mwanamume kwenye kila mji. Zamu tatu wanatembea kuelekea mji mkuu wa bluu. Tuse nikamwambia wanakwenda kutafuta mbegu.

Zamu ya nne, nimebakiza hatua moja nianze kupiga, ikatokea habari kwenye kioo. Jemadari wa bluu ameuawa. Mwekundu, yule Shukuru, alimvizia upande wa pili.

Nikaondoa kidole.

Mtu akiwa na msiba humpigi. Kwetu hata kama mmegombana hadi hamsalimiani, hata kama amekula mpaka wa shamba lako, akifiwa unafunga kanga unakwenda. Usipokwenda, siku yako watu watakumbuka. Na huendi watu wawili watatu kama mnakwenda kununua chumvi. Mnakwenda wote.

Kwa hiyo niliwapeleka wote. Wapiga mikuki, pinde, tembo. Nikaita na wakulima waache majembe, maana siku za msiba hakuna kulima. Nikaita na mtumbwi wa uvuvi, ukaja hadi pale maji yanapoishia. Nikawakalisha kuuzunguka mji wa bluu kila upande, kama watu wanavyokaa kwenye uwanja wa wafiwa. Kisha nikafungua sehemu ya biashara, nikampa ndizi zangu zote, upande wake nikaacha wazi. Msibani huendi mikono mitupu na wala hudai kitu.

Nikabonyeza. Zamu iliporudi kwangu, sikubonyeza tena. Matanga ni siku tatu.

Siku ya kwanza kimya.

Siku ya pili Shukuru akaandika, "Kijani umelala?" Kumbe huyo mwekundu alikuwa ameshaingia Nkunga yangu, na Igogwe zote mbili, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Anavamia nyumba za watu walioenda kuzika! Nikamwandikia: "Huna malezi." Akajibu kwa vichekesho.

Siku ya tatu ilikuwa Jumatano, Tuse hutoka mapema. Tunamenya ndizi, yeye anamenya, mimi nashikilia kwa kiwiko, simu yake ikaita. Baba yake. Akaweka sauti ya nje kwa sababu mikono ina utomvu.

"Tuse! Mimi nimekufanyia nini?"

"Shikamoo baba. Kwani vipi?"

"Vipi nini? Umenizingira pande zote! Watu wangu hawatoki hata kuchota maji, mji unakufa njaa. Na hushambulii! Umekaa tu. Tembo wako wamekaa mlangoni kwangu wananiangalia!"

Tuse akanigeukia. Mimi nikaendelea na ndizi.

"Halafu unanitumia ndizi," Gwamaka akaendelea, sauti imepanda. "Mtu anamshindisha baba yake njaa halafu anamtumia ndizi, hiyo ni dharau gani? Na wakulima umewaleta wa nini? Na huo mtumbwi?"

Nikasema, "Wamekuja msibani."

Nikasikia mtu wa ofisini kwake anauliza kitu, yeye anamwambia subiri.

"Mama?"

"Ndiyo."

"Mama, kijani ni wewe?"

"Jemadari wako amekufa. Ulitaka nikae nyumbani?"

Akahema. "Ningejua tu. Hakuna mwingine duniani. Basi Mama, asante, nimepokea pole. Sasa waondoe."

"Matanga yanaisha kesho."

"Mama, hili ni gemu!"

"Na Dodoma wiki mbili, hilo nalo ni gemu?"

Hapo ndipo ndizi ilimponyoka Tuse ikaanguka kwenye majivu.

Nikamwambia Gwamaka, "Ujumbe wako nimeusoma. Kama una neno na mimi, gwe mwana, njia ya kuja kwangu unaijua. Njoo uniambie usoni." Nikamwambia Tuse akate.

Kesho yake nikaliondoa jeshi. Siku tatu zilikuwa zimetimia.

POP ilitoka Ijumaa. Jumamosi mchana Gwamaka akashuka kwenye bodaboda, matope hadi magotini. Akakaa kwenye benchi la jikoni. Mwanaume ana mvi, anazungusha kofia mkononi kama anasubiri viboko.

Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Mama, naogopa. Ulianguka saa moja asubuhi, mimi nikaambiwa saa kumi jioni. Kazini kila simu ikiita najua ni hiyo. Naogopa siku moja watakukuta kwenye migomba na hakuna anayejua umeanguka tangu lini."

Hilo sikuwa nimelitegemea. Nilikuwa nimejipanga kwa ugomvi.

Nikamjibu, "Na mimi naogopa kwenda kukaa nyumba ambayo nikiamka sijui mlango uko upande gani. Wewe unaogopa nitaanguka. Mimi huko nitakuwa nimekaa tu kwenye kochi, nimeshakufa, mnanipikia."

Tuse akaleta chai, akaondoka haraka bila kuambiwa.

Baadaye Gwamaka akasema, "Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

Akatoa tableti kwenye begi. Akaingiza lile gemu, akanionyesha.

Makubaliano ni haya, wakuu, na ninayafuata hadi leo. Kila asubuhi kabla sijaenda popote nabonyeza zamu yangu. Yeye Dodoma akiamka, akiona miaka ishirini imepita, anajua mama yake yuko hai. Ikifika saa mbili dunia bado imesimama, anampigia jirani yangu wa ng'ambo ya kijito aje aangalie. Mikungu siibebi tena kwenye mteremko, hilo nilikubali kwa shingo upande. Yule mtu wa shamba akaambiwa hapana.

Jirani ameshakuja mara moja. Nilikuwa nimesahau tableti kanisani. Alinikuta nafagia, tukanywa chai.

Ila kuna tatizo: mtu akishinda, gemu linaisha. Kwa hiyo sasa hairuhusiwi kushinda. Miji yangu mitatu Shukuru amenirudishia, alilazimishwa. Aliuliza tunacheza kwa ajili ya nini kama hakuna kushinda. Gwamaka akamwambia, "Wewe bonyeza tu."

Nilichojifunza ni hiki. Watoto, mkiwa na hofu juu ya wazazi wenu, leteni hofu yenyewe, msiifunge kwenye safari ya wiki mbili. Mzazi hofu anaielewa. Kudanganywa ndiko kunakomzeesha.

Na wazazi wenzangu, mtoto akija na hofu yake msimkimbilie na fimbo. Mimi nilikaribia.

Haya, mwenye mzazi peke yake kijijini aseme humu yeye anafanyaje, tujifunze. Na kama kuna anayejua namna ya kujenga choo kwenye hilo gemu aniambie. Matusi sijibu.

Nikichelewa kuwajibu msiwe na wasiwasi. Nipo shambani.