Mikoko ya Fidia

Watu humwita Bi Matope, naye huitika. Mwanamke anayeshinda kwenye tope hadi magotini, halafu akapita barabarani na kitambaa cheupe kichwani kisicho na doa, hakosi kupewa jina.

Bandari ilikuwa inachimbwa ili meli kubwa zipite. Kwenye kona ya mlango wa maji palikuwa na msitu wa mikoko, na samaki wadogo walikulia humo. Msitu huo ulitakiwa kuondoka. Mradi ulikubali kupanda mwingine kwanza. Ukishika, ndipo kona ichimbwe. Bi Matope akawekwa kuwasimamia akina mama wa kupanda.

Walipanda kwenye uwanda wa tope karibu na barabara, kwa sababu wageni walifika hapo kwa gari bila kuchafua viatu. Mistari ilinyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Ila pale ni chini mno. Maji yakijaa, miche ilizama yote na kukaa humo muda mrefu, ikaoza. Ikifa, walipanda mingine. Kazi haikuisha, na hilo halikumuudhi mtu ila Bi Matope.

Ikaja habari kwamba mkuu wa mradi anakuja kutazama. Miche ilikuwa imepandwa wiki ileile, mibichi kabisa.

"Wewe sema imeshika," Bi Matope aliambiwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alipanda naye bega kwa bega. "Mche ukifa tunapanda mwingine. Kwani mche una ndugu wa kuja kulia?"

"Nikisema imeshika, kona inachimbwa, wifi. Tutakosa msitu wa zamani na mpya."

"Na sisi tutakosa kazi. Hilo hulioni?"

"Naliona. Hata mimi nina tumbo."

"Lako liko peke yake. Langu lina foleni ya watoto nyuma yake."

Mkuu akaja na mtaalamu wake, akasimama ukingoni mwa barabara. "Inapendeza. Imeshika?"

Bi Matope aliingia topeni, akashika mche kwa vidole viwili, akauinua. Ulitoka kama kijiko kwenye uji, bila mzizi hata mmoja mpya.

"Mlipanda vibaya?"

"Tulipanda vizuri, mzee. Mahali ndipo pabaya. Kule kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, tukibomoa tuta linalozuia bahari, maji yaingie, mbegu zitakuja zenyewe."

Mtaalamu akacheka kidogo. "Nilisema hivyo kikaoni, nikaambiwa ni mbali."

Mkuu akatazama viatu vyake. "Basi kona isiguswe kwanza," akasema. "Bomoeni tuta."

Kubomoa tuta si kazi ya kudumu, na kila mama alilijua hilo. Wifi alikuja na jembe lakini hakumsemesha. Akitaka maji ya kunywa, alimwomba aliyesimama mbali zaidi. Bi Matope hakumlazimisha. Alichimba sehemu yake, na wifi akichoka, alichimba na yake. Wengi tunaupenda ukweli ukimgharimu mwingine. Yeye aliutolea kibarua chake mwenyewe, na cha watu wake, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Tuta lilipokatika, maji yaliingia polepole yakisukuma povu na takataka. Katikati yake zikaja mbegu za mikoko, ndefu kama kalamu, zikielea.

Wifi akaegemea jembe. "Sasa hizi zikijiotea, sisi tutakula nini?"

"Tutatafuta, wifi."

"Tutatafuta, anasema." Akasonya, kisha akashuka kulipanua pengo, maana maji yalikuwa yanapita kwa shida.