Mabango ya Willis Odongo

Katika godauni moja la spea za mtumba kule Baba Dogo, Nairobi, kuna mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na minne bila kuitwa jina lake. Walimwita Stoo. Stoo, leta gea boksi. Stoo, tafuta taa ya nyuma ya kushoto. Hata bosi, kila Krismasi akimpa unga na mafuta ya kupikia, alisema, "Haya Stoo, salimia watu wa nyumbani." Jina lake ni Willis Odongo, na mimi nitamwita hivyo, maana mtu hupewa jina ili aitwe.

Kazi yake ilikuwa kufungua makontena kutoka Japani. Ndani yake mna injini, vioo, redieta na milango ya magari, na kila kifaa chenye thamani kimeviringwa karatasi kuukuu. Wenzake walizipangusia grisi karatasi hizo, au wakawashia jiko la chai. Willis naye alifanya hivyo hivyo hadi siku moja, mwaka aliozaliwa binti yake Jacklyne, alipokunjua karatasi iliyofunika alteneta na kukuta mbweha aliyevaa kofia amekaa juu ya mwezi. Lilikuwa bango la sinema ya katuni, la zamani, la siku zile michoro ilipochorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Akasahau alteneta. Alisimama pale na mikono yake michafu, akaona haya kulishika.

Bosi alicheka alipoombwa ruhusa. "Chukua tu, Stoo. Unanipunguzia takataka."

Basi ndivyo mtu aliyeishia darasa la nane kule Makongeni, mtoto wa mfagiaji wa karakana ya reli, alivyokuwa mkusanyaji. Katika miaka yote hiyo alipata mabango kumi na tisa. Usidhani ni machache. Kontena nzima yaweza kuja na magazeti matupu, na hata bango likipatikana, mara nyingi limelowa mafuta au limepasuliwa. Yale kumi na tisa yalikuwa mazima. Kijapani hakujua, lakini alijifunza kutambua alama mbili za jina la utawala wa mfalme wao, ambazo Wajapani huhesabia miaka, na kwa hizo akaweza kusema bango hili ni la mwaka gani kwa kutazama maandishi madogo kwenye ukingo mweupe wa chini. Alijua selotepu ni sumu na jua ni adui. Aliyalaza chini ya godoro katikati ya maboksi ya friji yaliyokunjuliwa, na kabla ya kuyagusa alinawa mikono kama daktari.

Hayo yote aliyajua peke yake. Mkewe Benta, mpishi wa shule ya chekechea pale Lucky Summer wanakokaa, hakuambiwa neno. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo tunavyosema, na Willis aliushika msemo huo kama dini. Ndio uliomponza. Benta alimtania tu: "Wanaume wa wenzangu wana mipango ya kando. Wangu ana katuni."

"Mpango wa kando unakula," Willis alimjibu. "Hizi hazili."

Katika yale kumi na tisa, kulikuwa na moja alilolipenda kupita yote. Msichana mdogo amepanda mgongoni mwa bata mkubwa, nyuma yao mlima mweupe na anga la rangi ya chungwa bivu, na msichana amegeuza shingo kana kwamba kuna mtu amemwita. Willis alilitoa Jumapili moja moja, Benta akiwa kanisani, akamtazama yule mtoto. Sijui kwa nini. Nadhani alipenda kuona mtu ameitwa.

Mwezi wa pili mwaka huu, rafiki yake Abdirizak, mfanyabiashara wa injini anayeishi mtaa wa Fedha na huenda Japani mara mbili kwa mwaka, aliyapiga picha mabango yote kwa simu akaondoka nazo. "Huko kuna wazee wa vitabu vya kale, nitawauliza," alisema. Baada ya wiki tatu akaja godauni mbio mbio.

"Mzee Odongo, keti kwanza. Walahi hawa watu wamechizi."

Picha ya bata ilikuwa imezunguka hadi ikamfikia mama mmoja anayeitwa Hayase, msimamizi wa nyumba ndogo ya makumbusho ya sinema za katuni. Sinema ile ilitengenezwa na kampuni ndogo ambayo ghala lake liliungua mwaka ule ule. Filamu ziliteketea, mabango yakateketea. Bi Hayase aliiona sinema hiyo akiwa na miaka mitano, akakua, akazeeka, na kwa miaka arobaini alikuwa akitafuta walau kipande cha karatasi cha kuthibitisha kwamba hakuota. Hapakuwa na bango lingine popote duniani ila hilo la chini ya godoro la Lucky Summer. Angekuja Nairobi mwezi wa tano kulichukua kwa mikono yake. Wangelitundika ukutani, na chini yake waandike: Limehifadhiwa na Willis Odongo, Nairobi.

"Soma tena hapo mwisho," Willis alisema.

Abdirizak akasoma tena. Willis akamwomba asome mara ya tatu, kisha akaenda nyuma ya rafu za redieta akalia. Ndiyo, alilia, na hakuna cha kuona aibu.

Alikusudia kumweleza Benta yote Jumamosi, kwa utulivu, na soda mezani. Lakini Alhamisi ndugu yake mkubwa akafariki kule Ugenya, na usiku huo huo akapanda basi. Matanga ya kwetu si ya siku moja, tena yeye ndiye aliyebaki mkubwa. Akiwa huko, mvua ya masika ikafunguka Nairobi kama iliyotumwa. Watu walihama nyumba wamebeba magodoro. Willis alipanda kilima kutafuta mtandao, akampigia Benta.

"Mama Jackie, maji yamefika wapi?"

"Yako mlangoni. Nimeinua unga na redio."

"Achana na unga! Zile karatasi za chini ya godoro. Zichunge."

"Katuni?"

"Zichukulie kama vyeti. Umenisikia? Zichunge vile tunachunga vyeti."

"Nimesikia," Benta akasema. Simu ikakatika.

Sasa, nani huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, asiyejua tunavyochunga vyeti? Cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha ndoa, cha mtihani wa mwisho, hata barua ya kupandishwa cheo iliyoandikwa na bosi aliyekwisha kufa: vyote hupelekwa saiba, kwenye duka la kompyuta, vikapigwa laminesheni. Karatasi isiyovalishwa plastiki ni karatasi ambayo mwenyewe haithamini. Benta hakuwa na shaka hata chembe. Aliyafunga mabango kumi na tisa ndani ya mifuko ya taka, akayazungushia leso yake nzuri, akajitwika kichwani na kutoka. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani pale kwenye daraja. Aliteleza mara mbili na hakuyaachia. Saiba ya kwanza haikuwa na umeme. Ya pili ilikuwa imefungwa. Ya tatu, juu kabisa karibu na barabara kuu, alimkuta mwenyewe, Nthoki.

"Mathe, hizi ni kubwa sana," Nthoki alimwambia. "Mashine yangu haiwezi. Labda tukate kila moja mara nne, afu tutoe hii white ya pembeni ndio iingie poa."

"Itatoka safi?"

"Itatoka fiti kabisa. Hata uioshe na sabuni."

Benta alitoa pesa za zamu yake ya chama cha kuchangiana, zile alizongoja mwaka mzima, akakaa kwenye benchi na nguo zilizoloa hadi kipande cha mwisho kilipotoka kwenye mashine kikiwa cha moto.

Willis aliporudi alimkuta mlangoni, anakohoa, anatabasamu. Nyumba nzima ilinuka matope. Godoro lilikuwa limetupwa. "Njoo uone," Benta alisema, akamshika mkono kama wakati wa uchumba wao.

Vipande sabini na sita vilipangwa mezani, vinang'aa. Msichana alikuwa amekatwa katikati ya uso. Bata alikuwa na mkia upande huu na kichwa upande ule. Ule ukingo mweupe wenye alama za mwaka haukuwapo.

"Ukingo uko wapi?" Willis aliuliza kwa sauti ambayo hakuijua.

"Ule mweupe? Haukuwa na picha. Uliachwa kwa pipa la saiba." Kisha Benta akamsimulia yote, maji, daraja, leso, alivyoteleza. "Goti hili bado linauma, lakini nilisema heri nife mimi. Wewe hujawahi kuniomba nikuwekee kitu, Baba Jackie. Hiki ndicho cha kwanza."

Willis alitaka kupiga kelele. Alitaka kupindua meza, atukane, aingie barabarani avue shati kama mwendawazimu. Lakini aliitazama ile mikono yenye mikwaruzo, akasema, "Umefanya kazi." Akaenda chooni, akajifungia, akauma mkono wa shati lake.

Kesho yake, Benta akiwa shuleni, alichukua kipande cha yule mbweha, akapasua plastiki taratibu kwa wembe. Ikaachia. Ikaachia pamoja na picha. Mbweha alihamia kwenye plastiki, na mkononi mwa Willis ikabaki karatasi nyeupe yenye manyoya manyoya. Hakujaribu tena. La kuvunda halina ubani. Alikaa kitandani juu ya mbao tupu mpaka mchana, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne hakwenda kazini wala hakutuma ujumbe. Hakuna aliyempigia kumuuliza.

Angeweza kumwambia Abdirizak amzuie mgeni. Hakumwambia. Mtu anayezama hushika hata povu, na Willis alijiambia Wajapani wana akili nyingi, huenda wana dawa.

Bi Hayase alifika Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mama mdogo mwenye mvi, anajua Kiswahili cha polepole kwa kuwa aliwahi kufundisha Tanzania akiwa kijana. Abdirizak alimleta kwa gari akabaki nje akizungumza na simu yake. Benta, aliyeambiwa tu kwamba kuna mgeni wa Japani anayekuja kuona katuni ya bata, alikuwa amepika mandazi na chai ya maziwa, ametandika kitambaa cha kushona kwa mkono. Mgeni alikataa chai kwa upole hadi amalize kuona. Alifungua mkoba, akatoa glavu nyeupe za kitambaa, akazivaa kidole kwa kidole.

Benta mwenyewe ndiye aliyeleta vile vipande vinne vya bango la bata. Alivipanga mezani akaviunganisha vizuri, akavipangusa kwa upindo wa leso. "Karibu uone, mama. Hata maji hayaingii."

Bi Hayase alitazama. Willis alimtazama yeye, si bango, akaona midomo yake ikitikisika kama ya mtoto anayejikaza. Kisha yule mama akavua glavu moja, akavua ya pili, akazikunja, akazirudisha mkobani. Akasimama akainama mbele ya Benta.

"Asante, mama, kwa kulitunza," alisema.

"Si kitu," Benta akajibu kwa furaha. "Kunywa chai sasa."

Alikunywa, akala andazi moja, akasifu. Willis akamsindikiza hadi garini. Pale kando ya mtaro, mgeni alimwambia kwa sauti ndogo kwamba gundi ya moto imekwisha kuingia ndani ya karatasi na hakuna fundi wa kuitoa, kwamba makumbusho hayawezi kulipokea, kwamba anaomba radhi. Hata lile jina halingeandikwa, maana hakuna kitu cha kuliandika chini yake.

"Nani alikata?" aliuliza.

"Mimi," Willis alisema.

Alimtazama Willis machoni kitambo. Aliingia garini akafunika uso kwa viganja, na Abdirizak akawasha gari.

Willis alisimama pale hadi vumbi likatulia, kisha akarudi ndani. Benta alikuwa ameketi, vile vipande viko mapajani mwake. Tabasamu limepungua.

"Mbona hakuchukua?"

"Aliona tu. Alitaka kuona."

"Baba Jackie, niangalie. Niliharibu?"

"Hapana."

"Kwa sababu mama yule alikuwa anataka kulia. Mimi si mtoto. Kama niliharibu niambie. Hii ilikuwa moja tu?"

Willis alivuta kiti, akakaa karibu naye. Aliliona goti lake lililofungwa kitambaa, akasikia kifua chake kikikwaruza kwa kile kikohozi ambacho hakikuwa kimepona tangu mvua.

"Moja wapi," alisema. "Ziko nyingi kule Japani. Tele. Wanazo kila mahali."

Benta alishusha pumzi, pumzi ndefu, na uso wake wote ukafunguka. Akamgonga begani kwa ngumi ndogo ya utani. "Na ulivyonitisha na huo uso! Kama ziko tele, si umwambie huyo mama akutumie nyingine nzima?"

"Nitamwambia," Willis akasema.