Senje wangu aligonga kichwa akawa mpole, sisi tukashangilia

Wakuu, za mchana. Hii ilitokea kwetu Lumakanda, na mashahidi wako hai, wengine wako humu wananisoma.

Dada ya baba, senje Rispa, ni mama wa miaka sabini na kitu. Mdomo wake unajulikana mpaka Malava. Ukimpa chai anakuuliza, "Hii ni ya kunywa ama ya kuosha ng'ombe miguu?" Bibi yangu, mama watoto, akisikia sauti yake hujificha jikoni.

Siku moja akifukuza ingokho iliyoingia stoo ya mahindi, akagonga kichwa kwa mlango. Akatukana mlango, akatukana kuku, akaendelea na kazi. Hakuna damu, hakuna nundu. Tukasahau.

Wiki kadhaa baadaye, senje akaanza kuwa mpole.

Yaani mpole! Akasifu chai. Akamwambia bibi yangu, "Mwanangu, umependeza." Kanisani wakasema ameguswa na Bwana. Mimi nikaomba Bwana asiuondoe huo mkono.

Halafu akaniita jina la marehemu mume wake. Nikacheka. Lakini nikaona anaburuta mguu wa kushoto, na kikombe kikamponyoka.

"Ni kichwa tu kinauma," akasema.

Tukamkimbiza hospitali Kakamega. Daktari akauliza, "Amegonga kichwa hivi majuzi?" Hapo ndipo tukakumbuka ule mlango wa stoo. "Anakunywa dawa gani?" Za kufanya damu iwe nyepesi, maana mguu wake uliwahi kuganda damu.

Skani ikaonyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo. Kumbe kwa wazee vishipa vya hapo hukatika kirahisi, damu inavuja polepole na kufinya ubongo.

"Mngengoja zaidi, mngempoteza," daktari akasema.

Wakatoboa fuvu, wakaitoa. Mimi nje naomba Mungu anirudishie yule mkali.

Alipoamka akaniangalia, akaniangalia tena. "Wewe, hiyo shati uliiba wapi?"

Wakuu, nililia kwa furaha mbele ya manesi.

Funzo: mzee akigonga kichwa, hata bila kidonda, mwangalieni kwa wiki nyingi. Kichwa kisichoacha kuuma, kuchanganyikiwa, usingizi mwingi, mkono au mguu kulegea: hospitali mara moja. Kama anakunywa dawa za damu nyepesi, apelekwe siku hiyo hiyo, na asiziache bila daktari kusema. Presha ipimwe. Na nyinyi wa boda, vaeni helmeti.

Kama kwenu kuna mkali amekuwa mtamu ghafla, skani kwanza, shukrani baadaye.

Nani mwingine yamempata? Tupieni hapa chini. Senje hana simu ya kuingia mtandaoni, kwa hivyo semeni kwa uhuru.