Msomi mwenzetu aliomba kila mmoja wetu ng'ombe mmoja wa maziwa, mimi nikaandika barua isiyo na jina

Wakuu, heshima zenu. Wanaonizidi umri shikamooni, ingawa kwa humu ndani sidhani kama mmebaki.

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na pale nilipofanya upumbavu nitasema nilifanya upumbavu. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kilichonitoa kimya ni grupu letu la wahitimu wa chuo tunaotokea Simiyu.

Juzi mama mmoja msomi, ana kikundi chake upande wa Meatu cha kusaidia vichanga waliofiwa na mama zao, aliweka ujumbe. Anaomba wahitimu wenzake wamchangie ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe watakaa kwenye kaya zenye watoto hao, kwa jina lake yeye.

Hazikupita dakika tano mtu akauliza, kwa jina lake kwa nini? Mwingine akasema hizi charity tunazijua. Admin akaweka kile kikatuni cha kujikuna kidevu.

Na mimi, mzee mzima, kidole kilishaanza kuandika: "Tuoneshwe kwanza katiba ya kikundi."

Nikafuta. Huyo mama ni mtoto wa marehemu dada yangu, na swali lile niliwahi kuliuliza karibu miaka hamsini iliyopita. Naomba niwasimulie lilikonifikisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wameshahamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa. Mkoa wa Simiyu haukuwepo, Bariadi tulihesabika Shinyanga. Wasomi wa chuo kikuu wilaya nzima ungewakalisha kwenye benchi moja na nafasi ingebaki.

Mimi nilikuwa ofisi ya wilaya, upande wa utawala. Nkwabi, niliyemaliza naye chuo, alikuwa bwana mifugo.

Vijana mjue kwamba wakati ule watumishi kama sisi tulibanwa na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha. Huruhusiwi nyumba ya kupangisha, huruhusiwi kujilimbikizia mali. Ukiitwa bepari, kazi huna. Na pale ofisini tulipenda sana kumtafuta bepari, mradi awe mwingine.

Tena mimi kwa asili ni mtu wa shaka. Ukinisalimia mara mbili kwa siku najiuliza unataka nini. Mke wangu anasema hata chai yake naitazama kwanza.

Siku moja Nkwabi alinikuta nakunywa chai pale hoteli ya Mzee Salumu, akasema ana jambo.

Katika ziara zake vijijini alikuwa anakuta vichanga ambao mama zao wamekufa kwenye uzazi, wananyweshwa uji wa mtama. Maziwa ya kopo dukani yalikuwa hadithi. Kwa hiyo amewaandikia wenzetu tuliosoma nao, popote walipo, kila mmoja atoe ng'ombe mmoja anayekamuliwa. Ng'ombe anakwenda kwenye kaya yenye mtoto wa namna hiyo. Mtoto akikua, anahamia kaya nyingine.

Nikamuuliza watakuwa kwa jina la nani.

"Langu," akasema.

Nikauliza kwa nini lisiwe la kijiji, au la kamati.

Akacheka kidogo. "Wewe Msukuma mwenzangu, unaniuliza hilo?"

Wasio wa kwetu niwaeleze. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawatawanya kwa marafiki na ndugu, tunaita kubilisa. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake na uzao wake. Ugonjwa ukiingia, hawafi wote.

Kuna faida nyingine ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitamka. Unapita kwa mtu unakuta ng'ombe watatu, unamhurumia, kumbe mazizi ya nusu ya wilaya ni yake.

Basi lile swali lake mimi nililichukua hivyo. Niliona ananikonyeza. Anakusanya ng'ombe wa wasomi, anawatawanya kwa jina lake, anakuwa tajiri wa kimyakimya, na mtoto yatima ndiye kifuniko cha chungu.

Nikamwambia nitafikiria. Sikutoa hata kwato.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda nyumbani Sapiwi kumwona mama. Dada yangu Kabula alikuwa amefariki akijifungua, na kichanga chake, Minza, kilikuwa mikononi mwa mama. Ng'ombe wetu waliisha siku nyingi, tangu baba alipougua. Mimi nilikuwa napeleka sukari na sabuni, najiona nimemaliza wajibu.

Nikakuta ng'ombe uani. Mweusi, ana baka jeupe begani, kiwele kimejaa.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mama, na kabla hata sijakaa nikauliza ng'ombe wa nani.

"Wa Nkwabi, bwana mifugo. Kaniomba nimtunzie," akasema. "Watu wote wa kijiji hiki, kaniona mimi."

Alikuwa amenyooka mgongo jinsi ambavyo sikuwa nimemwona tangu msiba. Minza alikuwa amelala mgongoni mwake, ameshiba, maziwa yamemkaukia kidevuni.

Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, wakuu. Lakini mtunzaji kunywa maziwa ndiyo desturi yenyewe, kwa hiyo halikunibadilisha kitu. Nilichokiona mimi ni kwamba mama hajui kama kuna msaada wowote. Kama ni msaada, mbona anayesaidiwa haambiwi?

Nikazunguka kidogo. Nilipata kaya nyingine sita zenye vichanga na ng'ombe, na jibu lilikuwa lile lile: wa Nkwabi, kaniomba nimtunzie.

Hesabu ikanikubali kabisa. Wasomi wameambiwa ng'ombe ni wa watoto, bibi zao wameambiwa ng'ombe ni wa Nkwabi. Mwizi huyu, tena amethubutu kujificha nyuma ya mama yangu mzazi. Nilikasirika mpaka nikarudi Bariadi bila kuaga vizuri.

Barua niliipiga kwa taipureta ya ofisi, mchana, wenzangu wakidhani naandaa taarifa ya pamba. Jina sikuweka. Nikaorodhesha kaya zote saba, na ya mama nikaiweka ya kwanza, ili hata wakinishuku waseme huyu asingemtaja mama yake.

Oneni akili ilivyokuwa inafanya kazi. Nikaipenyeza ofisi ya Chama.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara pale Sapiwi. Mimi nikatumwa kuandika muhtasari.

Wanawake saba walikaa chini mstari wa mbele, mama yangu katikati, Minza mapajani. Wakaulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja alijibu bila woga, ng'ombe ni wa Nkwabi, yeye ameaminiwa kumtunza tu. Mmoja aliongeza kuwa hajawahi kumkosesha maji hata siku moja.

Mwenyekiti akamgeukia Nkwabi. "Ndugu, ng'ombe hawa ni wako?"

Nkwabi aliwatazama wale wanawake. Halafu akanitazama mimi. Mkutano mzima, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kusikia habari za wasomi na vichanga kutoka mdomoni mwake.

Nikainamia karatasi.

"Ni wangu," akasema. "Wote saba."

Watu wakaguna. Mimi nikaandika neno kwa neno, na sitawaficha, nilisikia raha. Nilikuwa nimemnasa kwa ulimi wake.

Aliachishwa kazi. Ng'ombe wakaswagwa hadi zizi la kijiji, kwamba maziwa yatakuwa ya wote. Yakawa ya waliokaa karibu na zizi.

Mama akarudi kwenye uji wa mtama na maziwa ya mbuzi ya kuombaomba. Minza alikonda akabaki macho. Nilizunguka maduka yote ya Bariadi nikiulizia maziwa ya kopo, Mzee Salumu mwenyewe akaniulizia kwa jamaa zake wa Mwanza, hakuna.

Kati ya wale vichanga saba, wawili hawakufika msimu wa pamba. Watu walisema ni surua. Inawezekana ilikuwa surua. Minza aliponea chupuchupu.

Hata wakati huo sikujilaumu. Nilimlaumu Nkwabi kwa kuwaingiza wazee wa watu kwenye wizi wake.

Mwaka uliofuata akapita Petro, tuliyesoma naye, akitokea Mwanza kikazi. Tukiwa tunakula akaniuliza, yule ng'ombe wangu mweusi mwenye baka begani yuko wapi siku hizi?

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Petro akanieleza. Barua ya Nkwabi kwa wasomi ilikuwa wazi kabisa. Aliwaandikia kwamba hakuna mama wa Kisukuma atakayepokea ng'ombe wa sadaka, ajulikane kijiji kizima kuwa ni mtu wa kulishwa. Atakataa, na mtoto atakufa. Lakini ukienda kumwomba akutunzie ng'ombe wako, umempa heshima, atapokea kwa mikono miwili, na maziwa ni haki yake kwa desturi. Kwa hiyo watakaa kwa jina langu, aliandika, na hakuna atakayedaiwa shukrani.

Wewe Msukuma mwenzangu, unaniuliza hilo.

Nilimuuliza Petro, sasa mbona hamkujitokeza kumtetea? Akaangalia pembeni. Habari ziliwafikia, lakini kila mtu aliogopa. Nani aende mbele ya Chama aseme naye ana ng'ombe wa kugawa? Kila mmoja alidhani mwingine ataandika.

Kwa hiyo katika wasomi wote wale, aliyepata muda wa kuandika barua kuhusu jambo la Nkwabi ni mimi tu.

Nilimfuata Nkwabi huko Nassa, kando ya ziwa, alikokuwa amehamia kwa wajomba zake, analima na kuvua. Nilimkuta shambani anapalilia. Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Hakuacha kupalilia.

"Nilijua," akasema. "Chama walinionesha ile barua kabla ya mkutano. Mashine yenu herufi a inaruka juu ya mstari. Barua zote za likizo ulizonipigia ziko hivyo."

Alijua tangu kabla ya mkutano. Alinitazama pale akijua.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema ukweli, hata kujiokoa yeye tu.

Hapo ndipo alipoegemea jembe. "Mama yako alikuwa amekaa mbele," akasema.

Nililia, wakuu. Aliniacha nilie, halafu akaniomba kitu kimoja, kwamba wale mama wasijue kamwe. Nikaahidi. Nataka niamini hilo ndilo jambo pekee nililomtendea vizuri.

Nkwabi ametangulia mbele za haki. Wale mama saba nao wote wamekwenda. Wangu alifariki akiwasimulia wajukuu jinsi bwana mkubwa mmoja mwenye mali alivyomchagua yeye kijiji kizima. Alikuwa akifika hapo ananyoosha mgongo.

Minza alikua akiisikiliza hadithi hiyo kila mwaka. Akasoma, akafika chuo kile kile, na sasa anatuomba ng'ombe kwa jina lake. Hakuna aliyemfundisha. Bibi yake hakujua, Nkwabi hakusema, na mimi nilifunga mdomo. Nadhani alitazama tu ule mgongo.

Sasa funzo, kwa wale mnaoruka mpaka mwisho.

Sisemi msiwe na shaka. Wapo wanaokula kwa jina la yatima, mimi mwenyewe nawajua kadhaa na mmoja yuko humu. Shaka yangu haijapona na sidhani kama itapona.

Lakini mwenzako uliyesoma naye akianzisha jambo la kusaidia watu, ukimshuku mfuate. Keti naye, muulize mpaka mwisho, ukitoka hapo nenda kwenye zizi ukaone nani anakunywa maziwa. Mimi niliuliza maswali mawili, jibu moja nikajitungia mwenyewe.

Na wanaochangia nao wasidhani kazi imeisha ng'ombe akishavuka geti. Kina Petro walitoa ng'ombe, ila siku mwenzao alipohitaji mtu wa kusimama akasema "tunamjua", hawakuonekana. Ule ndio mchango mgumu, na kwa msomi hauhitaji mali yoyote.

Nimeshanunua mtamba, ana mimba ya kuzaa wiki hizi, mweusi. Baka begani hana, sikupata. Jumamosi nampeleka Meatu mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Minza ananiita mjomba, ndiye ananinunulia dawa za presha. Hajui ng'ombe wa bibi yake aliondoka kwa barua ya nani. Nimeamua kumwambia uso kwa uso, kabla hajakutana na uzi huu.

Lakini nimwambie kabla ya kumkabidhi mtamba, au baada? Nikisema baada, nitakuwa nimemtega kama nilivyomtega Nkwabi. Nikisema kabla, anaweza asimpokee, na tayari kuna kaya huko inamsubiri ng'ombe huyo, kuna kichanga kinakunywa uji.

Mnaojua mambo ya watu kuliko mimi, nishaurini. Matusi pia nitayasoma, mengine nastahili.