Neno Moja Tulilolijua kwa Mikono

Siku baba mdogo Ndesario alipowanyoshea wazee wa mfereji jani la isale, naikumbuka kuliko siku niliyooa, na mke wangu asinisikie. Mwanangu, hilo ni jani la kuombea msamaha. Kwetu mlimani, mtu akikuletea isale, hata kama alikuchomea nyumba, huwezi kumfukuza.

Baba mdogo alizaliwa kiziwi. Watu walimwita bubu, lakini mikono yake ilisema mchana kutwa. Ilisimulia, ilitania, hata kusengenya. Waliomwelewa ni wawili tu: bibi yangu aliyemzaa, na mkewe. Sisi wengine tulijua ishara za kuitana kula, basi. Vijana tulimwigiza ili tucheke.

Enzi hizo za Mwingereza, kahawa ilikuwa imeanza kutuletea mabati, ila maji tuligawana kama zamani. Siku ya kusafisha mfereji, baragumu lilipulizwa alfajiri na kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Usipotokea, unafungiwa maji. Mke wa baba mdogo ndiye aliyesikia kwa niaba yake. Alipofariki, hakuna aliyejiuliza sasa nani atamwambia. Bibi alikuwa ameenda kijiji cha Kilema kwa shangazi, akimhudumia baada ya kujifungua. Baragumu likalia, baba mdogo hakuonekana. Likalia tena, hakuonekana. Wazee wakasema ana kiburi. Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, akanyamaza. Maji yakafungwa, na ulezi ambao yeye na binti yake, bado mtoto wa kubebwa, walikuwa wakiutegemea ukaanza kunyauka.

Akaja kikaoni mbele ya wazee kujieleza. Mikono ikaenda mbio: akagusa masikio, akaonyesha migombani alikozikwa mkewe, akaonyesha shamba. Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Akatutazama uso kwa uso, na alipofika kwangu nikainamisha macho. Basi akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akakata jani la isale, akarudi na kumnyoshea mkuu wa wazee wa mfereji kwa mikono miwili.

Hapo kila mtu akaelewa.

“Amekiri kosa,” mzee akasema. “Mfungulieni.”

Pombe ya mbege ikaletwa, tukanywa, nami nikaona haki imetendeka.

Bibi aliporudi, alikaa na mwanawe wakizungumza kwa mikono mpaka jua likaelekea kuzama. Kisha akamwita baba, nami nikiwapo.

“Mdogo wako alikosa nini?”

“Mama, si ameomba msamaha mwenyewe?”

“Aliwaambia mwenzake amekufa na yeye baragumu halisikii. Hamkuelewa. Akatafuta neno mnalolijua, akaona ni hilo moja tu. Mmemfanya aombe radhi kwa kuzaliwa kwake!”

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Ulezi haukupona, maji yalikuwa yamechelewa. Baba mdogo akamchukua binti yake wakashuka mjini, akapata kazi kwa seremala mmoja Singasinga kule Njoro. Nilimtembelea mara chache. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, tukabaki kutazamana. Mara ya mwisho, binti yake akiwa hayupo, alinieleza jambo refu kwa mikono huku machozi yakimtoka. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nimeelewa. Alifariki muda si mrefu baadaye, na mpaka leo sijui aliniambia nini. Hilo linaniuma, mwanangu. Linaniuma sana.

Siku hizi naambiwa viziwi duniani wana lugha zao za mikono, na kila nchi ina yake. Wa huku hamwelewi wa kule, kama Mrombo na Mmachame kila mmoja aking'ang'ania Kichagga chake. Kumbe ile ya baba mdogo nayo ilikuwa lugha. Kwetu mlimani ilikuwa na wasemaji watatu, na sote mle nyumbani tuliiacha iondoke nao.

Kwa hiyo nakuomba: ukiishi na mtu asiyesikia, usingoje yeye ajifunze kinywa chako. Mfuate, jifunze mikono yake angali hai. Utakosea, atakucheka, mwache acheke. Wala usimhukumu mtu kwa wito ambao haukumfikia. Na Ruwa, Mungu wa babu zetu, akupe mikono isiyoona haya, na katika nyumba yako asikae mtu aliyejaa maneno akakosa wa kumwambia.