Chai ya Wahitimu wa Zamani

Ningeweza kusema hapana. Msimamizi wetu wa jikoni alinipa nafasi ya kusema hapana, tena mara mbili. Alisimama kwenye mlango wa stoo akaniambia kwamba wahitimu wa zamani, waliokuwa wanarudi chuoni siku ya mahafali, wameandika kuomba chai yangu.

"Lakini najua umeomba ruhusa siku hiyo," akasema. "Binti yako anahitimu. Ukikataa nitawapa kahawa, hawatakufa."

Nikamwambia chai itapikwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo.

Chuo chenyewe ni kidogo, kiko juu ya kilima upande wa Virginia, mabasi mawili kutoka ninapokaa Alexandria. Ni kidogo kiasi kwamba walimu wanajua ni mwanafunzi gani ana mafua. Hawafundishi kazi fulani. Wanasoma historia, falsafa, mashairi, nyota za mbinguni, halafu wanabishana. Mimi niliishia kidato cha nne, na nilipoanza kazi pale nilidhani watu hawa wanacheza. Baada ya miaka kumi na tisa ya kufuta meza huku nikiwasikiliza, niliacha kudhani hivyo.

Kulikuwa na profesa mmoja wa historia, mama mrefu mwenye mvi, aliyekula na wanafunzi wake kila Jumanne. Mabishano yakipamba moto aliniita: "Njoo utuamue." Nami niliamua, kitambaa mkononi. Siku moja nilimvua taji mfalme fulani wa kale kwa kosa la kutoza watu kodi ya chumvi, na kijana aliyekuwa akimtetea hakunisalimu kwa siku mbili.

Chai ilianza kwa bahati tu. Theluji ilifunga barabara, lori la mkate halikufika, na wanafunzi wakajazana jikoni wakitetemeka. Nikachukua sufuria kubwa ya supu, nikachemsha maziwa, majani, tangawizi na sukari kama alivyopika mama yangu. Wakanywa. Kesho yake wakarudi. Tangu hapo, kila Alhamisi saa kumi, mlango wa nyuma wa jikoni ulikuwa na foleni.

Mwenzangu wa kuosha vyombo, Mtanzania wa Tanga, hakuacha kunicheka.

"Mkenya, umewaacha ng'ombe kwenu, umevuka bahari, kumbe ni kuja kuchemsha maziwa!"

"Kunywa unyamaze."

"Nakunywa. Lakini iliki iko wapi? Chai bila iliki ni maji ya kuogea, bwana."

Ubishi huo wa iliki tuliubeba miaka yote, na sijamkubalia mpaka leo.

Binti yangu alipomaliza sekondari akapata nafasi hapo hapo, kwa sababu watoto wa wafanyakazi husomeshwa bila ada. Mama yake alikuwa ameshafariki. Tulikuwa wawili tu. Nilihofia ataona haya kuniona na aproni mbele ya wenzake. Alhamisi ya kwanza akapanga foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika akageuka akawatangazia wote, kwa Kiingereza: "Huyu mpishi wa chai ni baba yangu, kwa hiyo mimi najaziwa kikombe." Wakamzomea kwa kicheko. Mimi nilimjazia mpaka ikamwagika kwenye sahani.

Kiswahili alikisikia chote, ila hakukisema. Neno lake lilikuwa moja tu, "Baba". Yaliyobaki yote ni Kiingereza. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimjibu kwa Kiingereza alipokuwa mdogo, nikidhani ninamsaidia.

Chuo kile kina desturi yake ya mahafali. Mhitimu akishuka jukwaani anapewa ua moja jeupe, naye analikabidhi pale pale kwenye ngazi kwa mtu aliyemfikisha hapo, na kumwambia lolote alilo nalo moyoni. Ndoo za maua hayo nilizibeba mimi kila mwaka. Nimeona akina baba wenye mabega kama milango wakilia kama watoto. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, "Baba, utakaa kiti cha kwanza, karibu na ngazi," nilijua ananiambia nini.

Wiki hizo za mwisho alikuwa akishinda kwenye karo la vyombo na yule wa Tanga. Nikipita, wananyamaza.

"Mnapanga nini ninyi?"

"Mambo ya iliki," mwenzangu akajibu, na binti yangu akaficha uso kwenye taulo.

Sasa hesabu yangu ilikuwa hivi. Majina husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, na letu linaanza na W. Kwa miaka yote niliyobeba ndoo, nilikuwa naweza kupika, kumimina na kuosha sufuria kabla hawajafika huko. Mwaka ule chuo kilibadilisha utaratibu, kikasoma majina idara kwa idara, na historia, idara ya binti yangu, ikawa ya kwanza. Tangazo lilitumwa kwa wafanyakazi wote kwa barua pepe. Langu sikulifungua. Niliona siku ile naijua kuliko wanaoitangaza.

Wahitimu wa zamani walikuja mapema, wakaingia mpaka jikoni. Wengine walikuwa wameota upara, wengine wamebeba watoto. "Mzee, bado unaweka tangawizi ya kuua mtu!" mmoja akapiga kelele, akanikumbatia na mwiko wangu mkononi. Sitasema uongo: nilifurahi sana. Nilisikia vipaza sauti kule kwenye nyasi, lakini chai ya maziwa haiachwi. Ukiipa mgongo imeshapanda na kuzima moto. Nikabaki nayo, nikikoroga, nikisimuliana nao.

Mwenzangu akaingia mbio, aproni inachuruzika maji.

"Wewe! Mtoto ameitwa!"

"Bado. Jina letu ni la mwisho."

"Ameitwa, nakwambia! Toka!"

Nilikimbia kuteremka kilima na mwiko wangu. Nilipofika, kiti cha kwanza kilikuwa kitupu, na kwenye ngazi alishasimama kijana mwingine na ua lake. Walioona waliniambia baadaye kwamba binti yangu alisimama pale na ua, akitazama kule jikoni, mpaka yule profesa wa historia akatoka kwenye mstari wa walimu na kuja kusimama mbele yake. Akampa yeye.

Sherehe ilipokwisha, profesa alinifuata chini ya hema la wageni. "Hili lilikuwa lako," akasema. Nikamwambia alipewa, akae nalo. Na ni kweli, alistahili kupewa.

Binti yangu alinikumbatia, akaniomba chai. Hakukasirika. Nilimuuliza alitaka kuniambia nini. Akatabasamu, akatikisa kichwa: yale yalikuwa ya pale kwenye ngazi.

Yule wa Tanga ndiye aliyenifichulia kwamba yalikuwa maneno ya Kiswahili. Binti yangu aliyaandika mwenyewe, akaja kwake asahihishwe, wakayafanyia mazoezi kwenye karo kwa wiki sita. Nilimsihi anitajie.

"Ndugu yangu, niombe lolote, hata iliki nitaisamehe," akasema. "Hayo si yangu kukupa."

Nimestaafu sasa. Binti yangu anafundisha historia huko Sterling, na Jumapili huja kwangu, tunakula, ananisimulia habari za wanafunzi wake kwa Kiingereza na kunicheka ninavyowahukumu wafalme. Tuko vizuri. Lakini sikumwona akipita jukwaani, na maneno aliyojifunza kwa lugha yangu ili aniambie mimi, sijayasikia mpaka leo.